Futari Iliyorudishwa

Gari la Mbweni lilikuwa halijafika Kilimani, na Mcha, abiria aliyefunga Ramadhani, alikuwa akinusa sahani ya vitumbua vya moto iliyofunikwa kawa mapajani mwa mama wa Kikristo aliyekaa kando yake. Saumu ina majaribu yake.

"Miaka yote jirani yetu Bi Mwatum hutuletea futari," mama alimwambia mwanawe, mwanafunzi wa ualimu. "Jana umemrudishia sahani yake vilevile ilivyokuja."

"Mama, muhogo ulikuwa na nyama. Nasi tumo katika Kwaresima."

"Ungepokea ukashukuru, nyama ukaiweka kando. Mimi nlipolazwa, nani aliyekulea? Padri?"

"Imani haina kuoneana haya, mama."

"Basi nyama umejizuia, jirani umemla mzimamzima."

Mcha aliitazama barabara. Ugomvi wa Wakristo haukumhusu, lakini sahani ya futari aliijua: hairudishwi tupu, seuze na chakula chake mwenyewe.

Gari lilisimama Mnazi Mmoja, kituo cha kwao. Mama alimkabidhi kijana ile sahani ya vitumbua. "Kwa Bi Mwatum utabisha hodi mwenyewe."

"Nkipeleka, ntakuwa nimekiri kosa."

Mama alikwishateremka. Utingo aligonga bodi, na kijana bado amekaa, vitumbua vikimpoa mikononi.