Mizunguko Minne ya Mzee Saa

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yako ilipo, juu ya kabati, kwenye meza ya duka au mfukoni mwa shati, isogeze karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu aliyewachezesha wengi wenu, na hamkuwahi kumjua.

Alikuwa mpiga gitaa la kati. Narudia, maana hata msibani kwake bwana mmoja alisimama akamsifu kwa kupiga solo: alikuwa mpiga gitaa la kati. Solo ndilo linaloringa. Besi ndilo linalokutetemesha kifua. La kati linazunguka tu hapo katikati, nota zile zile, dakika saba, dakika nane. Likiwepo hulisikii. Likinyamaza, watu wanarudi kukaa.

Wenzake wa bendi walimpa jina la Saa, kwa sababu hakuwahi kukimbia wala kuchelewa. Alipoota mvi akawa Mzee Saa. Mchana alikuwa fundi wa kusuka mota, mota za feni na za pampu za maji, katika chumba kimoja chenye dirisha la nondo na harufu ya vanishi. Kusuka mota ni kuzungusha waya wa shaba kwa hesabu. Ukikosea hesabu, mota inaungua. Basi ukimkuta anahesabu ukamwamkia, alikuwa anakunyooshea kidole kimoja: ngoja. Marahaba yako ungeipata akifika mia mbili na arobaini.

Wimbo tunaouzungumzia leo aliutoa kwa bibi yake, mzaa mama yake. Bibi aliuimba na wanawake wenzake kwa ngoma mbili na kayamba. Gitaa halikuwepo, maikrofoni haikuwepo. Kijana Saa aliichukua ile sauti ya kayamba, cheke-cheke, cheke-cheke, akaihamishia kwenye nyuzi. Bendi nyingi za wakati ule zilifanya hivyo. Ngoma za wazee ziliingia kwenye kumbi za dansi zimevaa suruali na tai. Bibi aliposikilizishwa alikunja uso. "Wimbo wangu mmeuharibu," akasema. Kisha akasema, "Haya, ongezeni sauti."

Wimbo huo ulirekodiwa hapa hapa, wasikilizaji wapendwa, katika studio yetu. Watu wanane, maikrofoni moja, mara moja tu. Aliyepiga solo alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, waliyemwita Kidole. Wakaimba beti zote vizuri. Wakafika kwenye chemko, pale mwendo unapopanda na solo linatakiwa kuingia. Solo halikuingia.

Kidole alikuwa amebanwa na chafya. Zulia la studio lilikuwa na vumbi la miaka, na sisi hapa tunaomba radhi kwa hilo pia. Akageuka ukutani, kaziba pua kwa kiwiko, machozi yanamtoka. Saa akamwona. Angefanya nini? Akaendelea kuzunguka. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Ndipo Kidole akajipangusa, akaingia.

Walitaka kurudia, fundi mitambo akasema kanda imekwisha. Ukatoka hewani hivyo hivyo, wala santuri yake haikutolewa. Weee! Watu walipenda kule kusubiri kuliko wimbo wenyewe. Kwenye kumbi walisimama na mikono juu, wanahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, halafu solo likaingia na ukumbi ukalipuka. Tangu siku hiyo haukupigwa tena bila mizunguko minne. Bendi nyingine zikaiga, bila kujua kwamba zinaiga chafya.

Halafu miaka ikaenda. Kumbi zikafungwa, zikawa maghala. Ala zikawekwa ndani ya kinanda kimoja cha umeme, kijana mmoja akawa bendi nzima. Na wale wanane wakaanza kuondoka. Mpiga besi. Mpiga tumba. Wapuliza saksafoni wawili. Waimbaji, mmoja baada ya mwingine. Saa aliwazika wote. Wa mwisho alikuwa Kidole.

Binti wa Saa, mtoto wake wa pekee, anakumbuka baba yake aliporudi kutoka makaburini siku ile. "Baba alikaa na viatu vyake miguuni mpaka chai ikapoa. Nikamwuliza, baba, unawaza nini? Akaniambia, mwanangu, sasa sina wa kubishana naye. Nikisema ilikuwa hivi, hakuna wa kusema acha uongo wako."

Huo ndio upweke wake. Watu aliokuwa nao ni wengi: majirani, wateja, wajukuu wawili wanaompanda mgongoni. Lakini hakuna aliyekuwemo kwenye ile bendi. Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda na gitaa lisilounganishwa na umeme, akapiga sehemu yake, na sehemu yake peke yake si wimbo. Kuna mahali katika ubeti wa tatu ambapo ala zote zinakatwa, mwimbaji anabaki mwenyewe. Hapo naye alikuwa anakata. Anatulia, anagonga kiatu sakafuni, anamwachia nafasi mwimbaji ambaye hayupo. Jirani upande wa pili wa ukuta alidhani mzee amesinzia.

"Mimi huo wimbo sijawahi kuusikia mzima," anasema binti yake. "Nilizaliwa bendi imeshavunjika. Ninaoujua ni ule wa baba, wenye mashimo."

Mzee Saa alitaka kitu kimoja tu, wasikilizaji wapendwa. Kuusikia tena mara moja, wote wanane wakiwemo. Ndipo akaja kwetu.

Alikuja mwaka aliokufa Kidole. Shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Akakaa kwenye benchi la mapokezi, akaomba kanda yake. Akaambiwa inatafutwa. Mwaka uliofuata, juma lile lile, akarudi. Inatafutwa, mzee wetu, pita mwakani. Akashukuru, akaondoka. Miaka kumi na moja. Nasema tena: miaka kumi na moja, benchi lile lile.

Haikuwa inatafutwa.

Dada wa maktaba yetu ya kanda alijua tangu siku ya kwanza. Boksi lipo. Jina la wimbo lipo, limekatwa kwa mstari wa kalamu, na chini yake pameandikwa: mpira wa ligi. Kanda zilikuwa adimu, na desturi ya kazi yetu ilikuwa kufuta na kurekodi juu yake. Wimbo wa bibi, watu wanane na chafya moja, vyote tulivifuta kwa ajili ya mechi iliyoisha sare.

"Kila mwaka nilijiambia leo nitamwambia," anasema dada wa maktaba. "Halafu namwona alivyojipigia pasi. Najikuta nasema inatafutwa."

Mwaka huu akamwambia. Akamletea boksi pale pale kwenye benchi. Mzee Saa akalisoma, akaligeuza, akalisoma tena. Akauliza, "Nani alishinda?" Akaambiwa sare. Akacheka. Akacheka mpaka kofia ikaanguka, na dada wa maktaba anasema alipoinama kuiokota alikawia sana huko chini.

Alipoinuka akasema, "Basi mimi nipo. Nirekodini mimi."

Akarudi na gitaa lake siku ya tatu. Fundi mitambo wetu wa sasa, kwa nia njema kabisa, akamwambia tuna vijana hodari, wanaweza kujaza solo na besi wimbo ukapendeza. Mzee akakataa. "Wenzangu hawakuchelewa, mwanangu. Wamekufa. Nafasi zao ziacheni."

Akapiga. Mara moja, kama zamani. Wiki tatu baadaye alifariki chumbani kwake, binti yake akiwa pembeni. Ule wimbo wenye watu wanane hakuusikia tena.

Kwa binti yake, kwa wajukuu wake, na kwa mafundi wenzake wa mota: poleni sana. Mungu awape nguvu. Na sisi wa redio hii tunasema mbele ya wasikilizaji wote kile ambacho hatukukisema kwa miaka kumi na moja: tulikosa, tunaomba mtusamehe.

Na wewe unayenisikiliza, jiulize. Nani umemkalisha kwenye benchi lako, unamwambia njoo kesho, wakati jibu unalo mkononi? Mwambie leo, naye ana lake la kufanya na siku zilizobaki.

Sasa tunapiga kanda yake. Hakuna solo, hakuna besi, hakuna mwimbaji. Kama unayakumbuka maneno, imba, maana nafasi yako ipo. Kwenye ubeti wa tatu patakuwa kimya na utasikia kiatu kinagonga. Redio yako si mbovu, usiiguse. Halafu mwendo utapanda, na gitaa litazunguka mara nne mahali ambapo halina sababu ya kuzunguka. Fundi mitambo alidhani mzee amekosea hesabu.

Hakukosea. Anamsubiri Kidole apige chafya.