Ngurumo Hakusubiri Turubai

Wasikilizaji wapendwa, kama umesimama, kaa. Kama unapika, punguza moto. Habari hii hata mimi ninayeisema bado haijaniingia kichwani.

Fundi Ngurumo amefariki. Narudia: Fundi Ngurumo amefariki dunia, Jumanne asubuhi, juu ya paa la zahanati. Ameuawa na umeme wa jua. Mtu aliyetufungia sola nusu ya mtaa, sola ndiyo imemuua. Nilipopigiwa simu nilimwambia aliyenipigia aache utani wa kijinga. Akarudia vilevile.

Kwa wasiomjua, Ngurumo alikuwa fundi wa jenereta kabla hajawa fundi wa sola. Mnajua mji wetu ulivyo. Mafuta yanatoka chini ya miguu yetu, yanaingia kwenye bomba, yanakwenda zake. Sisi tunabaki foleni na madumu, tunanunua dizeli iliyotoka mbali. Kila duka na jenereta yake, kila saluni na jenereta yake. Ukitaka kuongea na mtu barabarani, mpaka umvute shati. Kelele hizo ndizo zilizomlisha Ngurumo na familia yake.

Na kazi alikuwa akiifanya kwa masikio. Hakuwa na kifaa cha kupimia. Aliinamisha kichwa, akafumba jicho moja, akasikiliza, kisha akakwambia pampu imekwisha. Kwenye kutengeneza alikuwa na sheria moja. Izime, subiri inyamaze kabisa, ndipo utie mkono. Jenereta ikinyamaza imekufa, hata mtoto anaishika. Kila fundi wa jenereta hapa mjini anafanya hivyo hivyo, na haijawahi kumponza mtu.

Kilichomtoa kwenye jenereta ni mama yake mzazi. Bibi alikuwa analala chumba cha nyuma, dirisha linatazama jenereta ya Ngurumo mwenyewe. Alikohoa mpaka akawa hamalizi sentensi. Mke wa Ngurumo anasimulia kwamba siku moja mumewe aliingia mle chumbani, akafuta kioo cha dirisha kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikatoka cheusi kama sufuria ya kuni. Akakaa kitandani kwa mama yake, anakitazama tu. Wiki ile ile akauza jenereta ya nyumbani, akanunua paneli. Bibi yupo hai. Kukohoa bado anakohoa, lakini sentensi anazimaliza, na nyingi ni za kumgombeza mtu.

Wenzake walimcheka sana. Wakasema Ngurumo kawa Mnong'ono. Wengine walimuuliza kama zile paneli ni za kuanikia nguo. Mdogo wake wa tumbo moja, ambaye anauza dizeli, alimwambia waziwazi kwamba anamtoa tonge mdomoni. Ngurumo akamjibu kwamba visima vinakauka, na ukiona kampuni imeanza kung'oa mashine zake, usingoje kuagwa. Mwaka uliofuata kampuni ikafunga visima viwili. Waliopunguzwa kazi wakaanza kumfuata Ngurumo mmoja mmoja, awafundishe sola. Akawafundisha. Karibu wote walikuwa watu wa mashine za mafuta kama yeye.

Jambo la kwanza alilowafundisha ni turubai. Kabla hujagusa waya unaotoka kwenye paneli, funika paneli. Alimfundisha hivyo hata binti yake mkubwa, aliyekuwa anafanya naye kazi. Alikuwa akimkatiza chakula kumuuliza, "Unaanza na nini?" Na binti anajibu huku anatafuna, "Turubai, baba."

Sasa ile Jumanne. Muuguzi wa zahanati alimpigia kwamba friji ya chanjo haipokei umeme wa kutosha, betri zinashuka. Ngurumo na binti yake wakaenda. Jua lilikuwa kali. Wakapanda paani, Ngurumo akaona waya umetafunwa na panya. Akamwambia binti ashuke akalete turubai kwenye toroli, yeye atazima swichi kuu. Ngurumo akashuka kweli, akazima. Feni ya wodini ikasimama, friji ikanyamaza. Akapanda tena.

Binti anasema alikuwa anafungua kamba ya turubai aliposikia koleo linaanguka juu ya bati. Koleo kwanza. Halafu baba yake.

Mimi sikusoma sana, wasikilizaji. Nilimwomba binti anieleze mara mbili, nami nawaelezeni mara mbili. Swichi kuu inakata umeme unaoingia ndani. Haikati ule ulioko kwenye waya wa paneli. Jua likiwaka, paneli inatoa umeme, na haitoi hata sauti ya mbu. Nasema tena: umezima swichi, kumekuwa kimya, lakini waya wa paneli uko hai na unaua. Ngurumo alilijua hilo. Alilifundisha. Ila miaka yote ile mwili wake ulizoea kwamba kikinyamaza, kimekufa. Feni ikanyamaza, mkono ukaenda.

Muuguzi alimsukuma kifua mpaka mikono yake ikafa ganzi. Hakurudi.

Msibani nilikuwepo. Hakuna aliyekuwa analia vizuri, watu walikuwa wameduwaa. Wazee wa kamati ya zahanati walikaa pembeni wakanong'onezana, kisha wakaja kusema paneli zishushwe, zishushwe kesho, zisije zikamuua muuguzi. Mdogo wake marehemu akasimama. Akasema atatoa jenereta yake, bure, na dizeli atatoa mwenyewe. Aliyedhani anatafuta biashara hakumwangalia usoni.

"Shemeji," akamwambia mjane, "lile jua limemla kaka yangu. Toa neno tu, nikalishushe sasa hivi."

Aliyejibu ni binti.

"Baba mdogo, jua halikumla. Baba alikosea."

Jamani! Msiba wa baba yako, maiti haijatoka ndani, unasema alikosea? Shangazi mmoja akamvuta gauni akae chini. Mzee mmoja akamwambia ana utovu wa adabu. Mama yake ndiye aliyesema, "Mwacheni amalize."

Akamaliza. Akasema baba yake alimtuma turubai na hakumsubiri. Akasema pale uwanjani wamekaa mafundi kumi waliofundishwa na baba yake, wote masikio yao ni ya jenereta, na tukisema jua limemla, hakuna hata mmoja wao atakayejua alikufaje. Akamgeukia baba yake mdogo. Hakuongea kwa ukali.

"Jenereta yako ikiishiwa dizeli wiki ya foleni, chanjo utaziweka wapi?"

Yule mtu akakaa chini kama gunia. Kamati ikaomba muda. Baada ya mazishi ikasema paneli zinabaki.

Nilipokwenda kumuuliza mjane nisome nini leo, nilidhani atanipa sifa za mumewe, na zipo nyingi. Akaniambia, "Sema alikosea. Ukimsifu tu, utanizikia na wengine." Basi nimesema. Nimesema kwa heshima yote, na yeyote atakayeona nimemvunjia marehemu jina, aende kwa mjane, si kwangu.

Kwa mjane, kwa watoto, kwa Bibi aliyemzika mwanawe, na kwa mdogo wake marehemu: poleni sana. Sina neno linalotosha. Mji mzima uko nanyi, hata wale waliomcheka.

Na kwenu mafundi, na sisi sote tunaohama kutoka mafuta kwenda jua. Tunahama, hilo halina ubishi, visima mnaviona. Lakini kila mtu ajiulize ni mazoea gani ya kule ameyabeba bila kujua.

Juzi alikuja fundi mwingine kumalizia ule waya. Binti hajaweza kupanda paa, ila alikwenda, akasimama chini ya ngazi. Akamuuliza kama amefunika. Fundi akasema, dada, nimefunika. Akamuuliza tena. Fundi akasema, nimefunika zote. Binti akarudi nyuma mpaka barabarani, akaziona kwa macho yake, ndipo akamwambia, "Haya. Gusa."