Kilichoandikwa Ndani ya Bawa

Ndugu waombolezaji, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, yule mnayemwita Gundi, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, nami nitayasoma yote, hata pale ambapo kuna mtu angependa niruke.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto wawili, wa pili akiwa baba mdogo, aliyeketi pale mbele na suti yake nyeusi. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaacha ili mdogo wake aendelee, na tarehe 2 Februari 1969 akaajiriwa useremala katika karakana ya samani, alikotumika miaka arobaini na moja bila kumkasirikia mtu. Hasira zote alizozimeza naona zimenijia mimi.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa watoto watatu. Starehe yake ilikuwa moja tu, kuunda vindege vya mbao nyepesi visivyo na injini, ambavyo familia nzima tulikwenda kuvirusha kwenye genge la pwani, ule mwamba mrefu uliosimama wima juu ya ufukwe, mama na kapu lake la chakula, sisi na mikeka, kwa kuwa upepo wa bahari ukigonga genge hupanda juu na kukibeba kindege. Jumapili tarehe 8 Agosti 1993, kindege chake chekundu kilikaa angani dakika arobaini na saba, kikatua majanini, na wakati baba ameshuka ufukweni kumtafutia mdogo wangu kiatu, akatokea mpiga picha wa gazeti, akamkuta baba mdogo amekikumbatia, akauliza fundi ni nani, naye bila haya akajibu kuwa ni yeye. Picha ikatoka, chuo cha ufundi kikampa ualimu, na kindege akakiazima kwa wiki moja, wiki iliyochukua miaka thelathini na moja.

Marehemu alianza kuugua mapafu Januari 2023. Nilipomwomba ruhusa ya kusema ukweli alinikataza, akasema akiwa hai nisimwaibishe mdogo wake, nami nilitii mpaka saa nne asubuhi ya tarehe 19 Septemba 2024, alipofariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani waliotufulia mashuka, na mafundi wenzake waliochonga jeneza hili. Shukrani za pekee kwa baba mdogo, aliyekileta kindege leo na kukiweka juu ya jeneza, kikiwa na kibao cha shaba kinachosema kimeundwa naye. Asilolijua, kwa sababu hajawahi kuunda hata kimoja, ni kwamba kabla ya kufunika bawa kwa karatasi, baba aliandika kwa penseli kwenye ubao wa ndani jina lake, tarehe, na aliyeshika brashi ya gundi, na brashi ile niliishika mimi, nikiwa na miaka tisa.

Kisu cha baba ninacho hapa. Baba, wewe pumzika kwa amani. Baba mdogo, inuka, uje unishikie bawa.