Geti la Saa Nane

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za mchana. Wenzangu wa kikundi chetu cha wakulima wameniomba mara nyingi nisimame hapa, nami nimekuwa nakwepa. Leo nasema.

Mimi ndiye niliyeletwa huku Mgeta kusimamia kituo cha kukusanyia mboga. Nilikuja na cheti changu na sheria moja: saa nane kamili geti linafungwa, lori linaondoka. Ukichelewa, rudi na karoti zako. Mlirudi nazo mlimani, nami nikiwaangalia. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa na kiburi ambacho mpaka leo nakionea aibu.

Siku moja ya masika mwenzetu mmoja alikuwa anateremka na tenga la kabichi kichwani, mjamzito wa miezi saba. Njia inateleza, saa nane inakaribia. Akakimbia, akaanguka pale kwenye kona ya mwamba. Nyonga ikavunjika, na mtoto hakuishi.

Siku ile nilifunga geti saa nane kama kawaida, sina habari. Lakini hata nilipopata habari, sikupanda kumwona. Nilimtuma mlinzi apeleke sukari na sabuni, nikaendelea na ripoti yangu. Mnaguna? Guneni, ni haki yenu. Mgonjwa hatumiwi mtu, unakwenda mwenyewe ukakaa naye. Hata kwetu nilikozaliwa ni hivyo hivyo. Nilidhani cheo kimeniondolea wajibu huo.

Kesho yake nikakuta ile sukari na sabuni vimewekwa chini ya geti. Vimerudishwa. Tangu hapo hakuja mtu. Lori likaondoka tupu. Nikaitisha mkutano, nikakaa na viti vitupu. Nikabandika onyo, likachanwa.

Wiki ya pili nikapanda, peke yangu. Nililia njiani, siwafichi. Mama mzazi wa mgonjwa akanitandikia mkeka. Nilipotaka kuaga, akaniuliza:

"Mwanangu, hii njia umeipita mara ngapi?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza, mama."

"Na una miaka miwili hapa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho ushuke nasi. Ubebe."

Nikabeba tenga la karoti, nusu ya wanalobeba wao. Nilianguka mara mbili. Shingo ilikuwa inawaka moto. Tulifika saa nane imeshapita, na geti, kwa amri yangu mwenyewe, lilikuwa limefungwa. Nikasimama nje na wenzangu, mzigo kichwani.

Sikutoa amri nyingine. Nilimwomba dereva awe anasubiri, kisha nikachukua jembe nikaenda kuchonga ngazi kwenye ile kona. Siku tatu nilichimba peke yangu. Ya nne wakaja akina mama wawili, hawakunisalimia, wakaanza kuchimba. Sikuwaita. Baadaye mkaja wengi.

Nawashukuru hao wawili, na yule mama aliyenitandikia mkeka ilhali angeweza kunifukuza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wewe unayesimamia watu, ipite njia yao kabla hujawapangia saa ya kufika. Umeneja nilipewa kwa barua, lakini kusikilizwa hakuandikwi kwenye barua.

Mwenzetu aliyeanguka yupo hapa, amekaa kule nyuma na fimbo yake. Nilimwomba ruhusa kabla sijasimama. Akaniambia niseme yote, nisijipunguzie. Hajasema kama amenisamehe, nami sijamwuliza.