Mwalimu Aliyelisoma Upya Daftari la Adhabu

Tarehe 30 Juni, mwalimu wetu wa nidhamu atakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Wanafunzi wanamwita Mama Viti. Sababu anaijua vizuri bawabu wetu, aliyembebea viti vingi kuliko mtu wa kukodisha viti vya harusi.

Hakuanza hivyo. Zamani alikuwa moto wa kuotea mbali: kosa moja, barua ya kusimamishwa masomo. Mpaka likizo moja alipokaa na daftari la adhabu, ukurasa kwa ukurasa. Watoto wa familia za wahamiaji walikuwa robo ya shule, lakini theluthi mbili ya waliosimamishwa. Sahihi chini ya karibu kila barua ilikuwa yake. Kwenye mkutano wa walimu alisimama akayasema hayo mwenyewe, bila kutafuta mchawi. Baadhi yetu tulimnunia muhula mzima.

Kisha msichana mmoja wa mwaka wa pili, wa familia ya wahamiaji, akavunja miwani ya mwenzake. Barua ya kumfukuza ilikwisha kuchapwa. Mama Viti akaomba siku tatu, akapanga viti duara maktabani, akamwita msichana na mama yake, mvulana mwenye miwani na baba yake, pamoja na mimi ninayeandika haya, mwalimu wa darasa lao.

Baba mtu alikuja amefura kwa hasira. Msichana akaeleza kwamba tangu Januari mvulana yule na wenzake wanamwita Masizi kwa sababu ya rangi yake, na kwamba ameacha kunyoosha mkono darasani. Mama Viti akaniuliza kama jina hilo nililisikia. Nilikiri kwamba nililisikia, nikalichukulia kuwa utani wa watoto. Baba akamgeukia mwanawe, akamuuliza taratibu kama ni kweli. Mvulana akaanza kulia.

Msichana aliomba radhi kwa miwani. Mvulana aliomba radhi mbele ya darasa zima, nami nikafuata. Barua ilichanwa. Binti yule alimaliza shule akiwa mwenyekiti wa klabu ya mdahalo, na alikuwa na mdomo kwelikweli. Siku hizi hapa hasimamishwi mtu kabla ya kusikilizwa.

Dada yetu, asante kwa kazi uliyoifanya. Mimi binafsi nakushukuru kwa kuniuliza swali lile, na kwa kuningoja nijibu. Tunakuombea afya njema, nyumba yenye furaha, na wajukuu watakaokuacha ulale mchana.