Edinah Nabalayo, Aliyeuliza Watu Wazima Wanakufa na Nini

Marehemu Edinah Nabalayo alizaliwa tarehe 9 Agosti 1975 huko Kimilili, mtoto wa kwanza wa Mama Rasoa na marehemu Mzee Mabonga. Mwaka 1981 familia ilihamia Kiplombe, baba alipopata kibarua katika shamba la ngano.

Alisoma hapa Kiplombe, akamaliza kidato cha nne mwaka 1993. Tarehe 12 Desemba 1998 aliolewa na Lazarus Murunga, wakajaliwa binti mmoja, Faith.

Mwaka 2016 aliajiriwa na mradi wa utafiti uliotaka kujua ni watu wazima wangapi nchini wanaouawa na presha, sukari, saratani na magonjwa ya moyo. Wengi hufia nyumbani bila kuonwa na daktari, kwa hivyo Edinah alibisha hodi kwa wafiwa, kuanzia Sugoi hadi Kesses, akiuliza dalili moja moja. Huko Kesses, Mama Cherono alimtilia chai akamwambia, "Mzee wangu akiwa mgonjwa hakuna mtu alikuja. Sasa amekufa, mnakuja na karatasi." Edinah alilia naye, akamaliza chai, akauliza swali lililofuata.

Mwaka 2018, yeye na wenzake wa mradi wakiwa kwa mafunzo, walipimana presha. Yake ilikuwa 190 kwa 115. Akacheka: "Hii mashine imeharibika." Mashine ilikuwa nzima. Alimeza dawa miezi miwili, akaacha. Sisi wa nyumbani tulijua, tukanyamaza.

Tarehe 3 Machi 2025 alianguka jikoni, upande mmoja wa mwili ukapooza. Siku kumi na moja hakuweza kusema. Alifariki nyumbani tarehe 14, akiwa na miaka 49.

Mimi George, mdogo wake, ndiye nilienda kwa naibu wa chifu kuchukua kibali cha mazishi. Akaniuliza, "Aliugua nini?" Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Andika malaria." Akaandika.

Faith alisoma ile karatasi, hakunipigia kelele. Alisema tu, "Uncle, mama ametembea miaka tisa akirekebisha makosa ya watu kama wewe."

Jana nilirudi niombe ibadilishwe. Nikaambiwa orodha ya vifo imeshapelekwa mbele, nijaribu mwezi ujao.

Amewaacha mumewe Lazarus, bintiye Faith, mama yetu, na mimi.

Dada, ni presha iliyokuua. Nimesema mbele ya watu wote. Mungu akupe amani, upumzike.