Kura Moja ya Hapana

Benchi lenyewe ni gogo la mwerezi lililotupwa ufukweni na bahari, likapasuliwa na kupigwa misumari mbele ya duka la mikate la Pearl, hatua ishirini kutoka gati la kivuko. Ukikaa hapo saa mbili za asubuhi na kikombe chako mkononi (kikombe chako hasa, kwa maana kila mkazi wa kisiwa cha Harrow ana kikombe chake kwenye misumari ya Pearl), unaona mambo mawili: foleni ya magari yanayosubiri kivuko, na mashua za tanga za klabu zilizofungwa gatini zisizosubiri chochote. Asubuhi ile ya Juni wazee wanne wa benchi walikuwa hawatazami kivuko wala mashua. Walikuwa wanatazama karatasi iliyobandikwa usiku kwenye ubao wa matangazo, na hakuna aliyekuwa amegusa mkate wake wa mdalasini.

Karatasi ilisema kwamba matembezi ya kiangazi ya Klabu ya Mashua ya Harrow, yale ya kila mwaka kwenda Ghuba ya Sorrel, mwaka huu yatafanyika kwa magari. Wanachama watavuka kwa kivuko, wataendesha saa mbili, watalala hotelini. Kila mmoja alete sahani yake ya chakula kama kawaida. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: Ndiyo, ishirini na mbili. Hapana, moja.

— Kwa magari, alisema Admeri.

Huyu ni Lorne Haddow. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa klabu vipindi viwili, akapewa kofia yenye nanga ya dhahabu na jina hilo la mkuu wa wanamaji, na tangu hapo hakuna aliyeuona utosi wake.

— Ishirini na mbili kwa moja, alisema tena, kama mtu anayesomewa majibu ya daktari. Ile moja ni yangu. Nawaambieni wazi.

— Yako? aliuliza Barometa. Mzee, usitupige kamba. Ile moja ni yangu mimi.

Barometa ni Gwyn Pellow, ambaye goti lake la kushoto hutabiri mvua siku mbili kabla, na likikosea husema mvua ndiyo iliyochelewa. Alikuwa ameweka mkono juu ya goti hilo kama mtu anayeapa.

Wa tatu, Percival Oakes, karani mstaafu wa mahakama anayeitwa Sheria, alikohoa. Alieleza kwa utaratibu kwamba kura ilikuwa ya siri kwa mujibu wa kifungu cha kumi na moja cha katiba ya klabu, na kwa hiyo hakutakiwa kusema alipigaje, lakini kwa kuwa waheshimiwa wenzake wameshaivunja siri, basi naye atasema: hapana ile ilikuwa yake, kwa wino mweusi.

— Kura moja, wadai watatu, alisema Isobel Tranter.

Wakamgeukia. Isobel alifundisha biolojia sekondari miaka thelathini na mbili, na benchini wanamwita Nanga, kwa sababu katika matembezi yote ya klabu nanga yake haijawahi kuburutwa na upepo hata mara moja. Kikombe cha fedha cha nanga bora kiko juu ya friji yake, kimejaa vifungo vya nguo.

— Na wewe, Nanga? aliuliza Admeri. Wewe ulipigaje?

— Mimi mnanijua, alisema Isobel.

Haukuwa uongo. Walimjua. Admeri akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema basi wako wanne, na kama hapana ziko nne na zimehesabiwa moja, hapa pana usanii. Isobel akanywa kahawa. Ilikuwa ya moto, ikamuunguza ulimi, akaona anastahili. Kura yake ilikuwa ndiyo. Aliikunja mara nne ili isifunguke haraka.

Barometa ndiye aliyeanza. Kura zimechakachuliwa, alisema, na yeye aliona kwa macho yake. Sanduku la kura lilikuwa kopo la biskuti, na mwenyekiti mpya, yule Trevanion, aliingia nalo jikoni akakaa humo muda wa kukaanga mayai mawili.

— Alikuwa anatafuta miwani, alisema Sheria.

— Miwani ilikuwa puani. Nimemaliza. Wahenga walisema, kwenye wengi hapaharibiki neno.

— Hiyo inamtetea yeye, bwana. Wengi ndio waliosema ndiyo.

Barometa alilifikiria hilo, akaona lina ukweli, akalipuuza.

Sheria naye alikuwa na lake, na alilishusha polepole kama mtu anayefungua jalada. Msimsingizie Trevanion, alisema, Trevanion ni karatasi tu. Mkono ulioandika ni wa watu wa bima. Tazameni: Mei, siku ya kufungua msimu, mashua hazikutoka. Zilipambwa bendera zikabaki zimefungwa, na mwenyekiti akapita mbele ya mashua hizo kwa miguu, juu ya gati, akizipigia saluti. Hilo walidhani ni kwa ajili ya upepo. Juni, matembezi kwa magari. Mashua ikikaa bila kutoka msimu mzima, kisheria si chombo tena. Ni nyumba. Na nyumba, ndugu zangu, hulipiwa kodi ya ardhi.

— Ardhi gani? Ziko majini, alisema Isobel.

— Ndiyo ubaya wake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

— Hapa chombo hakiendi kabisa, Sheria.

Admeri aliwasikiliza wote wawili kwa uvumilivu wa mtu mwenye siri kubwa kuliko zao. Kisha akainama mbele, kofia ikamfunika nyusi, akashusha sauti. Bima ni ndogo. Kodi ni ndogo. Jiulizeni kwa nini Ghuba ya Sorrel, na kwa nini wiki ile ile. Miaka arobaini klabu inatia nanga pale, mashua kumi na tano zimefungwa ubavu kwa ubavu, watu wanavuka kutoka moja hadi nyingine na bakuli za saladi. Mwaka huu wanatakiwa wakae ghorofa ya pili, dirisha limefungwa, pazia zito. Mwenye hoteli ana shemeji yake jeshini. Serikali inataka ghuba iwe tupu.

— Kwa ajili ya nini? aliuliza Barometa.

— Nyambizi.

Hata Sheria aliacha kutafuna.

— Ghuba ile yenye kina cha mita nane? alisema Isobel. Nyambizi itapita kwa magoti?

— Nanga, dada yangu, chovya chovya humaliza buyu la asali, alisema Admeri, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa, hakuna aliyeweza kumpinga.

Kwa kawaida Isobel angeifurahia asubuhi kama hiyo. Lakini alikuwa anahesabu. Watu ishirini na mmoja wengine walikunja karatasi zao kama alivyokunja yeye, na pengine kila mmoja alidhani anaaibika peke yake. Barometa goti lake haliwezi tena kuruka kutoka mashua hadi gatini. Wote wameliona, hakuna aliyelitaja. Mkono wa kulia wa Sheria unatetemeka hata kwenye kikombe. Na mashua ya Admeri haijatolewa gatini tangu mkewe aondoke, kwa maana aliyekuwa akiiongoza ni mkewe. Yeye alishika kofia.

Na yeye mwenyewe? Yake yalikuwa ya matembezi ya mwaka jana. Mashua yake, Kittiwake, iliingia Mlango wa Trask ikiwa na mtu mmoja na bakuli la kastadi, kitindamlo cha watu ishirini. Mlango-bahari ule ni mwembamba, na bahari yote ya upande mmoja hutaka kupita hapo kwenda upande wa pili. Unapita maji yakitulia, dakika chache, ama hupiti. Isobel alifika akakuta maji hayajatulia. Mkondo ulikimbia kuliko mashua. Ukamgeuza mara mbili, mgongo mbele, kama jani kwenye mfereji, ukamkwangua kwenye mwamba na kumtapika upande wa pili, kastadi ikiwa kwenye ramani, kwenye nywele na kwenye tanga. Kwenye ghuba aliwaambia injini ilizimika. Walimpigia makofi. Admeri alitoa hotuba. Mwaka mzima benchi limekuwa likisimulia jinsi Nanga alivyopita Trask bila injini, na kila simulizi mawimbi yanaongezeka. Tangu alipoirudisha, hajafungua kamba ya Kittiwake.

Akiwa bado katika mawazo hayo, mtu alikuja kutoka upande wa zahanati. Ni muuguzi mpya, Anneke Brandsma, aliyehamia kisiwani Februari, akajiunga na klabu Machi, akanunua mashua ndogo kuliko gari la Trevanion. Chini ya kwapa alikuwa na kitabu cha maji, kile cha kila mwaka kinachoonyesha saa za kujaa, kupwa na kutulia.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Admeri kwa adabu, akimsogezea nafasi. Kaa, binti. Tuko msibani.

— Nimeona tangazo, alisema Anneke. Samahanini sana. Ile hapana ilikuwa yangu. Sikujua kama wote mngepiga ndiyo, ningewauliza kwanza.

Kivuko kilipiga honi. Ilikuwa honi ndefu, na kwa mara ya kwanza benchi lote liliitazama meli ile ikifunga gatini kana kwamba haijawahi kufanya hivyo. Barometa alitoa mkono gotini. Sheria akagundua kitu chini ya kikombe chake. Hakuna aliyetaja tena kopo la biskuti, wala bima, wala nyambizi.

Anneke, ambaye hakujua alichokivunja, alifungua kitabu. Alisema yeye ataenda kwa mashua hata hivyo, Jumamosi, atawakuta hotelini. Ana swali moja dogo tu, na anaona haya kuwauliza watu wa miaka arobaini baharini. Kitabu ni cha kabati la klabu, ila ukurasa wa maelezo umechanwa, inaonekana mtu aliutumia kuandika alama za karata.

Barometa alitazama mbali.

— Kinasema maji ya Trask yanatulia saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Hii ni saa yetu ya kiangazi, au ni ile ya mwaka mzima? Yaani saa moja imeshaongezwa, au naongeza mwenyewe?

Lilikuwa swali la mtoto wa klabu, wiki ya kwanza. Barometa alisema inategemea. Sheria alisema viko vitabu vya namna zote mbili, jambo ambalo ni kweli na halimsaidii mtu. Kisha wakanyamaza, wazee wenye miaka mia moja na ishirini ya bahari baina yao, na Isobel akaona hofu ikipita usoni mwao, mmoja baada ya mwingine. Hawakumbuki. Miaka yote kulikuwa na mwingine aliyetangulia, wakamfuata.

Admeri hakuweza kuuvumilia ule ukimya. Hajawahi.

— Imeshaongezwa, alisema. Ni kitabu cha serikali, binti. Serikali haiwezi kukuachia wewe hesabu.

— Asante sana, alisema Anneke. Akatoa kalamu ya zahanati, akaandika kiganjani: 3:20.

Isobel alikitazama kile kiganja. Angeweza kumfuata baadaye njiani, wawili tu, akamnong'oneza. Lakini binti angeuliza nani wa kumwamini, mwenyekiti wa vipindi viwili au mwalimu wa biolojia, na angestahili jibu lenye ushahidi.

— Haijaongezwa, alisema. Ongeza saa moja. Maji yanatulia saa nne na dakika ishirini. Ukiingia saa tatu na ishirini utakufa, au utatamani.

— Nanga, alisema Admeri kwa upole wa mtu anayesamehe. Una hakika gani?

— Nina hakika kwa sababu mwaka jana injini yangu haikuzimika, Lorne. Ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyesahau ile saa.

Benchini mtu hamwiti Admeri kwa jina lake. Hotuba yake yote ya mwaka jana, na mawimbi yote waliyoyaongeza tangu wakati ule, yalikuwa pale katikati yao na hakuna aliyejua ayaweke wapi.

— Na kura? aliuliza Sheria, kwa sauti ndogo.

— Ndiyo. Kama yenu.

Anneke alilowesha kidole kwa mate, akafuta kiganja, akaandika upya. Kisha akainua uso na kuuliza, bila hila yoyote:

— Sasa ninyi mtapita saa ngapi? Ningependa kumfuata mtu.

Pearl alitoka na birika, akalitikisa, akasema kahawa imekwisha, anachemsha nyingine. Admeri alikuwa ameshika ukingo wa kofia yake kwa vidole viwili, kama mtu anayepima uzito wake.

Isobel alisimama, akatundika kikombe msumarini kahawa ikiwa bado nusu, ikamwagikia ukuta. Huko gatini aliiona Kittiwake, na hata kutoka hapa aliona kwamba kamba zake zimeota ukungu wa kijani na fundo limekuwa gumu kama mfupa.

— Barometa, alisema, nipe kisu chako.

Barometa alikitoa mfukoni, akampa, na hakuuliza cha nini.